Ska, panki na yaliyo katikati: wimbo huu unawekwa wapi?

Swali: "Kipindi chetu cha Jumamosi kwenye redio ya jamii ni cha rege, na sasa nimekabidhiwa kupanga maktaba ya nyimbo. Ndani yake kuna The Skatalites, The Specials, Madness, Operation Ivy, Rancid, No Doubt na The Slackers. Kompyuta inaziita nyingine 'Reggae', nyingine 'Ska', nyingine 'Punk', hata ndani ya albamu moja. Nitajuaje wimbo ni ska, ni panki au ni mchanganyiko? Na kwa nini watu walichanganya panki na ska, wasichanganye na rege yenyewe? Kuna vijana hapa wana bendi, wanajaribu mtindo huo, lakini kinachotoka ni kelele tupu."

Jibu: Ndugu msomaji, achana kwanza na maandishi ya kwenye skrini, usikilize gitaa la ridhimu. Hesabu kwa sauti: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Kwenye ska, gitaa hunyamaza kwenye namba na kulia kwenye "na", mara nne kwa kila mzunguko, kwa mlio mfupi na mkavu unaokatwa papo hapo. Kwenye panki, gitaa hulia kwenye namba na kwenye "na" pia, mapigo manane mfululizo, nyuzi nene, sauti imekwaruzwa kwa distoshoni na hakuna mwanya wa kupumua. Ukishaizoesha sikio tofauti hiyo, sehemu kubwa ya maktaba yako itajipanga yenyewe. Kazi ngumu inabaki kwenye nyimbo zenye vyote viwili, na hizo ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Ska ilizaliwa Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wenye mitambo ya muziki wa mitaani kama Coxsone Dodd, Duke Reid na Prince Buster walikuwa wakipigia watu R&B (ridhimu na bluzi) ya Marekani, kisha wakaanza kurekodi ya kwao wakitumia wanamuziki waliokulia kwenye jazi. Wanamuziki hao walilikazia lile pigo la "na" mpaka likawa ndilo uti wa mgongo wa wimbo. The Skatalites, walioungana mwaka 1964 na kutawanyika mwaka uliofuata, ndio kipimo chako cha ska ya Kingston: besi inatembea noti moja kwa kila pigo kama kwenye jazi, dramu inakazia la pili na la nne, tromboni, tarumbeta na saksafoni zinabeba wimbo. Katika rekodi nyingi za mwanzo hilo "na" linachelewa kidogo, lina mwendo wa kuyumba ulioachwa na R&B. Mwaka 1966 kasi ilishuka, ikaitwa rokstedi. Kufikia 1968 ikawa rege. Kwa hiyo kompyuta inapoiweka ska kama tawi la rege, imeupindua ukoo: rege ndiyo iliyotoka kwenye ska.

Sasa, kwa nini panki ilishikana na ska na si na rege? Kwa mapenzi, ilianza na rege. Kwenye klabu ya Roxy, London, mwaka 1977, Don Letts alikuwa akipiga santuri za rege katikati ya bendi kwa sababu santuri za panki zilikuwa bado chache, na vijana wale wakazipenda. The Clash, bendi ya panki ya London, waliurekodi wimbo wa rege wa Mjamaika Junior Murvin kwenye albamu yao ya kwanza mwaka huohuo. Tatizo lilikuwa kasi. Rege ya miaka ile huenda takriban mapigo 65 hadi 80 kwa dakika ukiihesabu kwa mwendo wake wa taratibu. Panki huenda 160, 180, hata zaidi. Ukiruka kutoka moja hadi nyingine ndani ya wimbo mmoja, mchezaji analazimika kusimama na kuanza upya, na mpiga dramu anakuwa anapiga nyimbo mbili zilizogundishwa.

Bendi ya Coventry iliyokuja kuitwa The Specials iligonga mwamba huo. Walianza kwa kupiga panki na rege, na viungo vikawa havikai. Jerry Dammers, mpiga kinanda na kiongozi wao, akarudi nyuma miaka kumi na tano hadi kwenye ska, ambayo tayari ilikuwa inakwenda mapigo 110 hadi 140. Kuikaza ska kidogo na kuilegeza panki kidogo kunawezekana. Hapo ndipo viwili hivi vilipokutana. Mwaka 1979 akaanzisha lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya 2 Tone, na santuri yake ya kwanza ilikuwa na The Specials upande mmoja na The Selecter upande wa pili. Wimbo wa The Specials, "Gangsters", ulijengwa juu ya "Al Capone" wa Prince Buster. Na haikuwa muziki tu. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na National Front, chama cha kibaguzi, mitaani, na kampeni ya Rock Against Racism iliyoanza mwaka 1976 ilikuwa imeshawazoesha wapenzi wa panki na wa rege kusimama kwenye ukumbi mmoja. Bendi yenye weusi na weupe jukwaani na nembo ya miraba myeusi na myeupe ilikuwa inatamka msimamo hata kabla ya noti ya kwanza.

Nisemapo hivi najua wako watakaopinga: sehemu kubwa ya 2 Tone si ska-panki. Ni ska iliyopigwa na watu waliopita kwenye panki. Kutoka panki walichukua kasi, sauti ya kuimba inayofoka, maneno ya ukosefu wa ajira na ubaguzi, na ujasiri wa kuanzisha lebo yao wenyewe. Ule ukuta wa distoshoni hawakuuchukua. Gitaa linabaki kwenye "na" kuanzia mwanzo hadi mwisho katika nyimbo nyingi, besi ni ya umeme na inarudia kifungu kimoja kama kwenye rege, kinanda kinajaza katikati. Ziandike "Ska", na "2 Tone" uiweke kwenye sehemu nyingine ya taarifa, nitakayoieleza.

Hata hivyo usiligeuze jina la lebo kuwa mtindo. Albamu ya kwanza ya The Specials inafungua na "A Message to You, Rudy", ambao asili yake ni rokstedi ya Dandy Livingstone ya mwaka 1967. Tromboni ya Rico Rodriguez imo kwenye rekodi zote mbili. Ndani ya albamu hiyohiyo "Concrete Jungle" uko jirani kabisa na panki. Madness walitoa singo moja tu 2 Tone kisha wakahamia lebo ya Stiff. The Beat wa Birmingham nao walitoa moja wakaanzisha lebo yao ya Go-Feet. Bad Manners hawakuwahi kusajiliwa 2 Tone, ingawa mara nyingi hutajwa pamoja na wenzao wa kipindi kile.

Mchanganyiko wenyewe, ule unaostahili jina la ska-panki, usikilize kwa Operation Ivy wa Berkeley, California. Waliishi miaka miwili tu, 1987 hadi 1989, wakaacha albamu moja, na bado ndio walioweka ramani. Chukua wimbo wao wowote unaobadilika kati ya ubeti na kiitikio, uusikilize mara tatu: mara ya kwanza gitaa peke yake, ya pili dramu peke yake, ya tatu vyote. Kwenye ubeti gitaa liko kwenye "na" na snea (ile dramu ndogo yenye mlio mkali) iko kwenye mbili na nne. Kikifika kiitikio, hesabu yako haibadiliki, lakini mpiga dramu anazidisha mara mbili: dramu ya mguu inaangukia namba, snea inaangukia kila "na". Gitaa limeshaondoka pale na kuanza kukwangua mapigo yote manane. Yaani ile nafasi ya "na", iliyokuwa ya gitaa, sasa imekaliwa na snea. Mkazo uko palepale, aliyeushika ndiye aliyebadilika. Ndiyo maana mwili wa mchezaji haushtuki, na ndiyo maana ska inaungana na panki kwa namna ambayo rege haikuweza. Besi ya Matt Freeman nayo inashona pande mbili hizo kwa kutembea noti baada ya noti, kama ilivyotembea Kingston, ila kwa kasi kubwa zaidi.

Zingatia jambo moja hapo: Operation Ivy hawakuwa na wapulizaji kwenye bendi yao. Mwimbaji, gitaa, besi, dramu, basi. Wanaopanga maktaba kwa haraka hutafuta tarumbeta: ipo, wanaandika ska, haipo, wanaandika panki. Ni kosa kubwa, kwa sababu vipulizo vimo kwenye soul na fanki na roki vilevile. Ska inatambuliwa kwa "na" ya gitaa au kinanda.

Ska-koo ni ndugu wa karibu wa ska-panki, na The Mighty Mighty Bosstones wa Boston ndio waliolieneza jina hilo. Tofauti iko upande wa pili wa mchanganyiko: badala ya panki ya kuimbika, ska-koo inatumia hadikoo (panki ya kasi na ukali zaidi) na wakati mwingine gitaa zito la metali, na sauti ya kukoroma. Kwa redio ya jamii sioni haja ya kuzitenganisha. Weka zote chini ya ska-panki, labda useme "nzito" kwenye maelezo ili usije ukaupiga saa mbili asubuhi bila kujua.

Neno "wimbi" ndilo linaloleta vurugu zaidi. Utasikia wimbi la kwanza (Jamaika hadi 1966 hivi), la pili (2 Tone) na la tatu (hasa Marekani, kuanzia miaka ya 1980, likafika kileleni redioni kati ya 1995 na 1997). Mawimbi hayo yanakuambia lini na wapi. Hayakuambii wimbo unasikikaje. The Slackers wa New York na Hepcat wa California ni wa wimbi la tatu kwa tarehe, lakini muziki wao ni ska na rokstedi ya Kingston kabisa, hawana uhusiano wa maana na panki. Ukiandika "wimbi la tatu" na kudhani umeandika "ska-panki", utawaweka The Slackers jirani na Less Than Jake, bendi ya ska-panki, na msikilizaji wako aliyetulia na tromboni atarushwa kwenye kiti. Na The Skatalites wenyewe walirudiana mwaka 1983 wakaendelea kurekodi, kwa hiyo una nyimbo zao za wimbi la kwanza kwa mtindo zilizotoka katikati ya wimbi la tatu kwa tarehe.

Kwa hiyo tenganisha maswali mawili, kila moja lipate sehemu yake kwenye taarifa za faili. Sehemu ya aina ya muziki ijibu unavyosikika: Ska, Rokstedi, Rege, Panki, Ska-panki. Sehemu ya kundi ijibu unakotoka: Jamaika ya awali, 2 Tone, Marekani ya miaka ya 90, na kadhalika. Na uainishe wimbo mmoja mmoja, usiainishe bendi. Albamu ya Rancid ya mwaka 1995 kwa jumla ni ya panki, lakini "Time Bomb" iliyomo humo ni ska yenye kinanda. Albamu ya No Doubt ya mwaka huohuo ina nyimbo zenye ska, na ina "Don't Speak", ambao hauna hata chembe ya ska. Ukiandika neno moja kwa albamu nzima, lazima udanganye mahali.

Kwa ule wimbo unaokusumbua, uamuzi wangu ni huu. Kama "na" ya gitaa inatawala beti na kiitikio vyote, ni ska hata uende mbio kiasi gani. Kama "na" inaonekana kwenye utangulizi au kipande cha kati tu, kama mapambo, ni panki au roki. Kama ubeti ni wa ska na kiitikio ni cha panki, au kinyume chake, na ukiondoa upande mmoja wimbo unaanguka, hiyo ni ska-panki. Bad Brains wa Washington, D.C. hawaingii hapo: kwao hadikoo ni wimbo mmoja na rege ni wimbo mwingine, mara chache vinakaa ndani ya wimbo mmoja. The Clash vilevile, wana rege na wana panki, na kwenye albamu yao ya Desemba 1979 wana "Wrong 'Em Boyo", ambao ni ska ya kurudia wimbo wa Wajamaika The Rulers. Kila mmoja unapata jina lake.

Sasa kwa nini kompyuta inakupa majina yasiyolingana. Taarifa za mtindo wa zamani kwenye faili za MP3 hazikuhifadhi maneno, zilihifadhi namba kutoka orodha ya aina 80: rege ni 16, ska ni 21, panki ni 43. Ska-panki haikuwemo, na nafasi ilikuwa ya namba moja tu, hivyo kila aliyenakili diski alichagua iliyomkaa kichwani. Taarifa za kisasa zinaruhusu maneno yoyote na zaidi ya thamani moja. Wimbo uliouamua kuwa ska-panki, ukiweza, uandikie "Ska" na "Punk" kama thamani mbili tofauti badala ya kubuni neno refu, kwa sababu hapo wimbo utaonekana kwenye utafutaji wa pande zote mbili. Jaribu kwanza na faili chache: programu nyingine hutenganisha kwa nukta mkato, nyingine huisoma hiyo nukta mkato kama sehemu ya jina na kukuzalishia aina mpya ya muziki inayoitwa "Ska; Punk".

Mwaka nao uuangalie. Mikusanyiko mingi ya ska ya Jamaika ilitolewa upya kwenye CD miaka ya 1990, na kompyuta inachukua mwaka wa CD. Wimbo wa 1964 unaingia kama wa 1997. Andika mwaka wa kwanza wa kutoka. Na usiiamini hesabu ya mapigo inayofanywa na mashine bila kuikagua. Kwa sababu mkazo wa ska na rege hauko kwenye namba, programu mara nyingi huisoma rege ya 75 kuwa 150, ikaipanga jirani na ska ya haraka. Na kiitikio cha ska-panki, kwa kuwa dramu imezidishwa mara mbili, kinaweza kusomwa kwa kasi mara mbili ya ubeti ilhali hesabu haijabadilika. Gonga mwenyewe kwa kidole sekunde 15 ukifuata snea ya ubeti: snea huangukia mbili na nne, hivyo zidisha idadi kwa nane, uandike.

Vijana wa bendi. Kelele yao karibu hakika inatoka kwenye distoshoni iliyoachwa wazi wakati wa ska. "Na" inahitaji ukimya pande zake mbili, na distoshoni hujaza ukimya huo kwa mvumo. Mpiga ridhimu atumie nyuzi tatu nyembamba tu, sauti safi, besi ya amplifaya ipunguzwe, na vidole vya mkono wa kushoto vilegezwe mara tu baada ya pigo bila kuinuliwa kwenye nyuzi. Vikiinuliwa kabisa, nyuzi wazi zitalia. Kwenye kiitikio ndipo ashuke kwenye nyuzi nene na kukanyaga pedali ya distoshoni. Asiye na pedali ashushe kitufe cha sauti cha gitaa hadi 3 au 4 kwenye ubeti na kukifungua kwenye kiitikio. Amplifaya iliyokwishakwaruza itasafika kiasi cha kutosha.

La pili ni ufunguo. Wapiga gitaa wa panki wanapenda E na A. Tarumbeta na saksafoni ya tenor ni za Bb (mpulizaji akisoma C, inayosikika ni Bb), kwa hiyo E ya gitaa kwao inakuwa F#, alama sita za kupandisha; kwa saksafoni ya alto inakuwa C#, alama saba. Mpulizaji anayejifunza hawezi kuwa safi hapo, na bendi itamlaumu bure. Dawa nyepesi ni gitaa na besi kushushwa nusu toni. Vidole vinabaki kwenye E ileile, lakini sauti inatoka Eb: tarumbeta inasoma F, alto inasoma C, na kila mtu anapumua. Tromboni inasomwa kwa sauti yake halisi, nayo Eb inaikaa vizuri. Kwenye kiitikio chenye distoshoni wapulizaji wasigawane sauti tatu. Wapige mlio mmoja au okteva, au wangoje mwisho wa mstari, kwa kuwa gitaa lililokwaruzwa linakalia masafa yaleyale na sauti za ndani zitamezwa.

La tatu ni dramu. Anapozidisha mara mbili, mpigaji huchomoka na kasi, na wakirudi kwenye ubeti wanajikuta mbio kuliko walivyoanza. Wafanye mazoezi na metronomu kwenye 140: mizunguko 16 ya ska, 16 ya panki, kurudi, bila kusimama, na mbwembwe ya kubadilishia isizidi mzunguko mmoja. Wapande mapigo 5 kila wanapoweza kufanya mara tatu mfululizo bila kuteleza. Warekodi kwa simu iliyowekwa mbali na dramu, kisha wasikilize sehemu moja tu: pigo la kwanza la "na" baada ya kiitikio kuisha. Gitaa na hai-hati (zile sahani mbili za dramu) vikiangukia hapo pamoja, wako tayari kwa 160.